MPAKA NIANGUKE NDIPO MUAMINI?

 Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili huanzia kwenye vichekesho na chemshabongo, kisha mkaenda kwenye picha ili muone kama mmo. Leo nawaomba mnivumilie kidogo kabla hamjafika huko, kwa maana jambo ninalotaka kulitolea maoni limenikaa kifuani tangu Agosti ya 2025, na mwalimu mlezi wa chama chetu aliniambia kuwa jambo likikaa kifuani sana huoza. Basi nalitoa.

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi si maiti, namshukuru Mungu, lakini nina ugonjwa wa selimundu, ule ambao huku kwetu magharibi mwa Kenya wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu ya mtu asiye na ugonjwa huu ni za mviringo, ni laini, nazo huishi kama siku 120. Zangu hujikunja zikawa na umbo la mundu wa kukatia nyasi, huishi siku 10 hadi 20 tu, na zikifika kwenye mishipa myembamba hukwama na kuizuia damu isipite. Hapo ndipo maumivu huanza: mifupani, mgongoni, mikononi, kifuani. Sijui niyafananishe na nini. Mama huniambia kuwa nilipokuwa mdogo nilimwambia kuna mtu ananipigilia misumari kwa ndani.

Mtu huzaliwa nao, akirithi kwa baba na kwa mama pia. Si kurogwa, si laana, wala hauambukizwi kwa kulala kitanda cha chini huku mwenzio akilala cha juu, kama alivyodai mmoja wenu (jina nalihifadhi) nilipokuwa kidato cha kwanza. Daktari mmoja aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alichapisha mwaka wa 1954 kwamba aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu ugonjwa huu ni mwingi kandokando ya Ziwa Victoria na huko Pwani, penye mbu. Yaani baba na mama walikingwa, bili nikaletewa mimi.

Haya, tuje kwenye kiini. Mwaka wa 2025, nikiwa kidato cha pili, mama alisikia kanisani kwamba mtoto mwenye maradhi kama yangu anaweza kuandikishwa kuwa mtu mwenye ulemavu na kupewa kadi na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi hiyo si pambo. Aliyeandikishwa anaweza kuomba msaada wa karo katika Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Mwenye mshahara anaweza kusamehewa kodi ya mapato yasiyozidi shilingi 150,000 kwa mwezi, ingawa kwetu hilo halikutuhusu ndewe wala sikio. Zaidi ya hayo, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huweza kuongezewa muda katika mtihani wa KCSE, mradi shule yao ipeleke ombi na ushahidi mapema. Mimi hushikwa sana mikononi. Hebu fikiria karatasi ya insha ya Kiswahili na vidole vilivyovimba kama ndizi za kuchoma!

Watu wengi hudhani ukisema kadi unataka zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii. La hasha. Hizo hutolewa kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji mlezi wakati wote. Mimi sikwenda kutafuta hizo. Nilitaka karo, kwa kuwa mama huuza omena na baba alitutoka, na nilitaka dakika chache za kupumzisha mkono ndani ya chumba cha mtihani.

Mama mwanzoni alikuwa na shaka. Babu ndiye aliyekataa kabisa. "Mjukuu wangu si kiwete," alisema, akapiga chini mkongojo wake. "Mkimwandika huko, ataolewa na nani?" Ilibidi mama amnyamazishe kwa heshima na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni nikisikia yote. Sikujua nimwunge mkono nani, maana hata mimi neno lile lilinitisha.

Siku ya tathmini tuliamka saa tisa za usiku. Hospitali tuliyoelekezwa, hospitali kubwa ya serikali ambayo sitaitaja, ilikuwa na jopo la madaktari lililokaa siku moja tu kwa wiki. Mama aliniogesha maneno njiani kote, nijibu kwa adabu, nisiiname, niseme kwa sauti. Alikuwa amenipaka mafuta nikang'aa, akanivika sare ya shule iliyopigwa pasi, na viatu alivisugua mwenyewe. Huwezi kumlaumu. Mama gani atampeleka binti yake mbele ya wakubwa akiwa na magamba ya miguu?

Ajabu ya kwanza: chumba cha kukagulia walemavu kilikuwa ghorofani. Nilimwona mzee mmoja mwenye mguu mmoja akipanda ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato, huku mwanawe amembebea gongo. Alipofika juu aliketi akacheka. "Nikishaonyesha kuwa nimefika huku juu," alisema, "wataniambia sina ulemavu." Sote tuliokuwa kwenye foleni tulicheka naye.

Zamu yetu ilipofika, karani aliuliza bila kuinua macho, "Mlemavu ni nani kati yenu?" Kisha akamtazama mama, kwa sababu mama huchechemea kidogo tangu alipoteleza na beseni sokoni. "Mama, keti hapa."

"Si mimi, ni huyu msichana," mama akajibu.

Karani akanipima kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Huyu? Huyu ana nini?"

Fomu ilikuwa ya Kiingereza tupu, na mama alisoma hadi darasa la saba, Kiingereza chake ni cha kuhesabia pesa. Nikaijaza mimi mwenyewe. Ndani, daktari aliniuliza maswali ambayo hadi leo nayakumbuka kama shairi la kukariri. Unaweza kuoga mwenyewe? Ndiyo. Unaweza kuvaa nguo? Ndiyo. Unaweza kula bila kusaidiwa? Ndiyo. Hebu simama, tembea mpaka mlangoni. Nikatembea. Inua mikono. Nikainua. Fungua kiganja, kifunge. Nikafungua, nikafunga. Na ninyi mnanijua, mimi nikiulizwa swali na mtu mzima hujibu kwa kujigamba kidogo, nionekane mwerevu. Nilijibu ndiyo zote kwa sauti kubwa kama niliyeagizwa. Nilipita mtihani ule kwa alama zote, na ndivyo nilivyoanguka.

"Uko sawa," daktari akasema.

Nikamwambia, "Daktari, leo ni siku nzuri tu. Siku nyingine siwezi kushika hata kijiko."

Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na nje palikuwa na watu zaidi ya hamsini. Akaniambia kwa upole, "Basi rudi siku ukiwa mgonjwa, tukuone."

Wenzangu, hebu tulieni hapo kidogo. Rudi siku ukiwa mgonjwa! Siku nikiwa mgonjwa niko kitandani, nina sindano ya maji mkononi, mama ananipangusa jasho. Nitaamka vipi saa tisa za usiku nipande matatu mbili na boda boda moja? Nitapanda vipi zile ngazi? Na nani amesema ugonjwa wangu utangoja ile siku moja ya wiki ambayo jopo hukaa? Siku ninayoweza kupanga foleni, mimi ni mzima machoni pao. Siku nisiyoweza, foleni hainingoji. Mtu atapewaje kadi kwa mpango wa namna hiyo?

Tulipokuwa tukishuka, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mtoto wake alitunong'onezea. "Mwanangu, wewe umekuja umevaa vizuri hivi kwa nini? Siku nyingine uje na magongo. Uje umesinzia. Usijibu haraka." Mama alimshukuru, lakini tulipofika kwenye kituo cha matatu alilia. Hakuwa analilia kadi. Alisema, "Nimekulea miaka yote hii nikikufundisha usilalamike, kumbe ningekufundisha kulia."

Hapa ndipo nataka kutoa maoni yangu waziwazi. Mimi sitaki kudanganya. Lakini nasema kwamba tathmini inayomtazama mtu kwa dakika kumi, asubuhi moja, na kumwuliza kama anaweza kutembea hadi mlangoni, inawafundisha watu wakweli uongo. Aliye na magongo ya kuazima atapita, na aliyejikaza atarudishwa. Halafu tukisikia kuna walaghai tunashangaa! Wako walaghai, sikatai. Pesa za serikali si maji ya mto, lazima zilindwe. Lakini ugonjwa kama wangu una karatasi. Kuna kijitabu cha kliniki, kuna kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya hemoglobini yangu, na kipimo hicho hakijui kuigiza. Kuna barua za kulazwa zenye tarehe na mihuri. Haya yote yalikuwa ndani ya bahasha mkononi mwa mama, na siku ile hakuna aliyeifungua.

Tena si kwamba sheria imetusahau. Katiba yetu ya 2010, kwenye kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu inataja pia hali na ugonjwa ambao una athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Ugonjwa! Neno limo. Mimi nilisoma kifungu hicho maktabani mara tatu, nikahisi kana kwamba mtu fulani aliyekuwa akiandika Katiba aliwahi kulala wodini karibu nami. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 nayo imeshabadilishwa na nyingine mpya ya 2025. Kwa hiyo vitabuni tumo. Tatizo liko baina ya kitabu na ile ngazi ya ghorofani.

Kisha kuna jambo la lugha, na hili wanachama wenzangu mtalipenda. Mnakumbuka tuliposoma ngeli? Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibiongo: wote wana umbo la KI-VI kama kiti na kikombe, ingawa upatanisho wao ni wa A-WA kwa kuwa ni watu. Siku hizi tunafundishwa kusema mtu mwenye ulemavu, na ni vizuri. Lakini tazameni maneno yale ya kale: kila moja linataja jambo ambalo lilikuwako jana, lipo leo, na litakuwako kesho. Lugha yetu tukufu haina jina la mtu ambaye Jumatatu anaruka kamba na Jumatano hawezi kuvaa soksi. Ukiniita mgonjwa, mgonjwa kwa kawaida huulizwa kama amepona. Mimi siponi, wala sifi. Naendelea tu. Pengine yule karani naye hakuwa na jina la kunipa, ndiyo sababu akamkalisha mama.

Baada ya siku ile nilimwandikia shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hufanya kazi ya kuwatunza wazee huko Uingereza. Yeye alinieleza kwamba huko tangu 2013 kuna malipo ya watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, ambayo kwa kifupi huitwa PIP, na kwamba kanuni zake zinauliza mambo mawili niliyoyapenda mara moja. La kwanza, mtu hapimwi kwa siku moja, bali huangaliwa hali yake ilivyo katika siku za mwaka mzima, na ikizidi nusu ya siku ndipo huhesabiwa. La pili, mtu hahesabiwi kuwa anaweza jambo ikiwa analifanya mara moja tu kisha akaanguka. Ni lazima awe analiweza kwa usalama, analirudia kila inapohitajika, na kwa muda unaofaa.

Nilifurahi mpaka nikapiga hesabu. Kwa kipimo cha nusu ya siku, hata mimi ningenyimwa! Siku zangu mbaya si nyingi kiasi hicho. Shangazi mwenyewe aliniambia nisidhani huko ni peponi. Alisema wako wengi wanaonyimwa kwanza, wakakata rufaa, na wengi wanaofika mbele ya waamuzi hushinda, jambo linaloonyesha kwamba waliwahi kukosewa mwanzoni. Kwa hiyo mimi sisemi tuige kila kitu cha Wazungu. Nasema tuazime lile swali la pili. Badala ya "unaweza kutembea hadi mlangoni?" niulizwe, "ukitembea hadi mlangoni leo, kesho utakuwaje?" Ningewaambia. Siku ile ya ngazi na foleni, jioni yake magoti yalivimba, na siku iliyofuata nililazwa. Mama alitaka kupeleka habari kwa jopo, lakini jopo lilikuwa limekwisha kaa, mpaka wiki ijayo.

Shangazi alinipa pia shauri, nami nawapa bure wote mlio na pumu, kifafa, kisukari, vidonda vya tumbo au chochote kinachokuja na kuondoka. Nunua daftari. Kila siku andika mstari mmoja. Nilianza muhula wa tatu wa 2025. Muhula ule ulikuwa wa wiki 9, siku 63 nikihesabu Jumamosi na Jumapili. Siku 6 nililala hospitalini. Siku 17 nilikuwa darasani lakini nikiwa na maumivu, na kati ya hizo siku 8 sikuweza kuandika notsi zote. Siku 40 nilikuwa mzima kama ninyi, nikacheka, nikala githeri, na mara moja nikaadhibiwa kwa kupiga kelele, adhabu niliyostahili.

Nilipoziona hesabu hizo nilijishangaa mwenyewe. Nilikuwa nikijiambia kila mara kwamba si kitu, ni siku moja moja tu. Kumbe mimi pia nilikuwa karani wa kujinyima.

Na sasa niwageukie ninyi, wapendwa. Msidhani nawasema madaktari na makarani tu. Hapa shuleni mimi hukaguliwa kila siku, tena na jopo kubwa kuliko lile la hospitali. Mkinikuta nimevaa sweta mbili gwarideni, mnasema najidekeza, ilhali baridi ndiyo adui yangu wa kwanza. Nikibeba chupa ya maji darasani, eti naringa, ilhali nikikaukiwa na maji chembe zangu hunatana. Nikienda chooni usiku mara tatu, kuna anayelalamika kuwa namwamsha. Kuna rafiki yangu wa karibu sana aliyenibandika jina "mgonjwa wa hisabati", kwa sababu mara mbili nilishikwa wakati wa somo hilo. Nilicheka na wenzangu, lakini tangu siku hiyo hisabati ikifika hukaza meno hata kama nimeshikwa, ili asije akasema. Ndiyo maana nikapata alama 31. Sasa tumlaumu nani, mwalimu wa hisabati?

Mnakumbuka ile Ijumaa ya muhula wa pili, nilipoanguka gwarideni wakati wa kuinua bendera? Wote mlikuwa wema. Nilibebwa kama malkia. Hata mwalimu wa zamu alikimbia na koti lake. Mliniletea soda, mikate, kadi za pole zenye maua. Sikuwahi kupendwa hivyo. Lakini Jumanne iliyotangulia nilikuwa na maumivu yale yale, tena makali zaidi, nikaomba ruhusa nikalale, nikaambiwa, "Mbona unasimama vizuri?" Nikasimama. Nilisimama Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa mwili ukakataa. Je, mpaka nianguke ndipo muamini?

Nasikia wengine wakinong'ona kwamba tukimwamini kila asemaye anaumwa, bweni litajaa wakati wa mbio za nyika. Ni kweli, nawajua. Mimi mwenyewe ningeweza kuwataja wawili walioumwa tumbo kila Jumatano ya mbio muhula mzima. Lakini metroni wetu ana daftari. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu jina lake na barua ya daktari viwekwe humo mwanzoni mwa mwaka, na akifika asiulizwe upya kama ni mgonjwa. Aulizwe tu leo ni siku ya aina gani. Huyo wa mbio za nyika hatakuwa na barua. Jambo lenyewe halihitaji bajeti.

Kuhusu hospitali, mtataka kujua ilikuwaje. Tulirudi mwezi wa Novemba, safari hii mama akiwa na bahasha mkononi na mimi na daftari langu. Sikuvaa sare. Nilivaa gauni la kawaida, sikupaka mafuta mengi, lakini magongo sikubeba. Madaktari hawakuwa wale wale. Nilipoulizwa kama naweza kuoga mwenyewe, nilijibu, "Siku 40 ndiyo, siku 17 kwa shida, siku 6 hapana." Daktari aliinua kichwa. Muuguzi aliyekuwa kando yake, mama wa makamo, akaichukua ile fomu, akaigeuza na kufunua ukurasa wa nyuma. Kumbe kulikuwa na sehemu nzima ya maradhi ya muda mrefu yanayozidi kuendelea! Mara ya kwanza tulijaza ukurasa wa viungo peke yake, kwa kuwa ndio karani alioufungua. Nao wakaanza kuniuliza: umewahi kuongezewa damu? Mara ngapi? Hulazwa mara ngapi kwa mwaka? Mama akaifungua bahasha kwa mikono inayotetemeka, akawa anatoa karatasi moja baada ya nyingine, zingine zina madoa ya chai. Alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, na wakamsikiliza.

Fomu ilitiwa sahihi. Kwenye kiwango waliandika wastani. Babu alipoambiwa neno hilo alisema, "Si niliwaambia?" Hatujui alikuwa anadai ushindi gani. Kadi yenyewe bado tunaingoja ninapoandika haya, na mwalimu wa mitihani ameniambia nisichelewe kumletea nakala, maana mwaka wa KCSE hauko mbali.

Kuna ombi moja nataka kulitoa kwa chama hiki kabla sijaweka kalamu chini. Ule ukurasa wa nyuma mama hakuuona kwa sababu hakuweza kuusoma. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ile ile, lakini mama yangu alisimama na fomu ya mtoto wake mwenyewe mkononi kama aliyeshika gazeti la Kichina. Chama chetu kila mwaka hutafsiri tamthilia fupi kwa ajili ya Siku ya Wazazi. Mwaka huu, badala ya tamthilia, natoa hoja tuitafsiri fomu hiyo, maswali yote, kurasa zote, kwa Kiswahili cha kueleweka sokoni, tuwape wazazi nakala waende nayo nyumbani iwasaidie kuelewa wanachoulizwa kabla hawajajaza ile ya Kiingereza. Najua kwamba kuna maneno yatakayotutoa jasho. Mimi nimejaribu aya ya kwanza nikakwama kwenye maneno manne.

Nakala iko kwa mwalimu mlezi. Tukutane Alhamisi baada ya michezo, chumba cha kidato cha tatu mashariki, mje na kamusi. Ikiwa sitakuwapo, anzeni bila mimi. Maneno manne nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.